Mwizi aruke ukuta wangu, avunjike mguu, halafu mimi ndiye nimlipe?

Mzee wa Stoo (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu. Jamaa anasimulia kwa uchungu kwamba huko Marekani kibaka alipanda paa la shule usiku kuiba taa, akatumbukia ndani, akapooza mwili, kisha akaishtaki shule na akalipwa. Akaongeza na wa Uingereza aliyepigwa risasi akivunja kibanda cha mzee wa watu, naye kalipwa. Kila anayetoa maoni pale anasema wazungu wamerukwa na akili.

Mimi nina stoo ya vifaa vya ujenzi. Ukuta nimeunyanyua, juu nimechomekea vipande vya chupa kwenye saruji mbichi kama kila mtu anavyofanya, na sasa fundi ananishawishi niweke umeme. Swali langu ni la dhati kabisa: kibaka akichanika mkono kwenye zile chupa, ana haki gani kwangu? Sikumwalika, hakupiga hodi, hana jambo na mimi. Mtu anayeingia kwako saa nane za usiku kwa kupanda ukuta, hasara si yake mwenyewe?

Na la pili, huu ugonjwa wa kudaiana fidia kwa kila kitu unakuja huku? Maana tunavyopenda kuiga, muda si mrefu utausikia Kinondoni.

Wanasheria njooni. Wa matusi pia njooni, ila kwa kiasi.

Kobe Mpole

Natandika mkeka hapa hapa. Naomba mtu anipitishie karanga.

Chuma cha Mtaa

Mzee unajisumbua bure. Mitaa yetu kesi ya namna hiyo haifiki mahakamani. Akivunjika mguu ndani ya ukuta wako, kabla hujavaa ndala wananchi wenye hasira kali wameshamaliza kazi. Nani atakushtaki?

Mtoto wa Mahakama

Chuma, hilo la wananchi wenye hasira kali nitalirudia, usikimbie.

Mzee wa Stoo, yote mawili yalitokea kweli, ila klipu imemeza nusu ya habari. Nawaletea nusu iliyobaki.

La paa ni la Redding, California, mwaka 1982. Kijana na wenzake walipanda juu ya ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari wakafungue taa kubwa za nje. Paa lile lilikuwa na vioo vya kupitisha mwanga, navyo vilikuwa vimepakwa rangi, kwa hiyo usiku huwezi kujua hapa ni paa na hapa ni kioo. Akakanyaga, akaenda chini, akapooza. Ambacho klipu haisemi ni kwamba shule nyingine ya eneo hilo mtu alishakufa kabla ya hapo kwa kutumbukia kwenye kioo cha namna hiyo hiyo. Wenye shule walijua hatari ipo. Tena hakuna hukumu iliyosema mwizi alipwe: pande mbili zilimalizana zenyewe mwaka 1984, dola 260,000 na kiasi fulani cha kila mwezi. Watu wa California walipandwa na hasira kama nyie, na mwaka 1985 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba ukiumia kwenye eneo la mtu huku unatenda kosa kubwa la jinai, huwezi kumdai mwenye eneo kwa uzembe. Jambo lenyewe limeshazibwa miaka arobaini, klipu ndiyo inalifufua.

Kabla ya huyo wa Uingereza, kuna ya bunduki ambayo Mzee hukuitaja, nayo mwenye chupa na umeme inamhusu zaidi.

Iowa, Marekani, mwaka 1967. Mume na mke wana nyumba kuukuu ya shambani waliyorithi, hakuna anayeishi humo. Imevunjwa mara kadhaa kwa miaka kumi. Wameweka vibao vya kukataza kuingia, wamepigilia mbao madirishani, wapi. Mwisho mume akafunga shotigani kwenye kitanda chumbani, akaunganisha waya kutoka kwenye kifyatulio hadi kwenye kitasa cha mlango. Kwanza aliielekeza usawa wa tumbo, mke akamwambia ishushe ipige miguu. Dirisha la chumba likazibwa bati, ukiwa nje huoni kitu. Akaja mtu kutafuta chupa na mitungi ya zamani ya kuhifadhia matunda, vitu ambavyo thamani yake haikufika dola 20. Kafungua mlango, mguu ukasambaratika.

Mwizi alikiri kosa, akatozwa faini ya dola 50 na kifungo cha nje. Kisha akafungua madai, na baraza la wazee wa mahakama likampa dola 30,000, kati yake 10,000 zikiwa ni za kumwadhibu mwenye nyumba. Mahakama ya Juu ya Iowa ikakubali mwaka 1971. Wanafunzi wa sheria wanaijua kama Katko dhidi ya Briney. Wenye nyumba wakauza shamba la ekari 80 ili walipe.

Sababu yake iko wazi: usichoruhusiwa kumfanyia mtu ukiwepo, huruhusiwi kutega kitu kimfanyie wakati haupo. Ungekuwepo chumbani ukamkuta mtu ameshika mtungi wa matunda, ungeruhusiwa kumlipua mguu? Basi na bunduki hairuhusiwi kwa niaba yako. Waya haumjui mwizi wala zimamoto aliyekuja kuzima moto, wala mtoto aliyefuata mpira.

Mzee wa Stoo

Sawa, la mtego nimekuelewa. Lakini huyo mzee wa Uingereza hakutega. Alikuwepo mwenyewe, amelala, wanakuja kumvunjia. Huyo naye?

Mtoto wa Mahakama

Hiyo ndiyo inayouma, na mimi sitakuficha.

Ilkeston, Derbyshire, mwaka 1988. Mzee wa miaka 76 anakodi kipande cha bustani, pale wanapolima mboga, na ana kibanda chake cha vifaa. Wameshamwibia na kumharibia mpaka ameamua kulala humo humo kibandani. Saa nane za usiku wakaja wawili kuvunja. Mzee akapitisha mtutu wa shotigani kwenye tundu la mlango akafyatua bila kuona anampiga nani. Risasi zikampata mmoja mkononi na kifuani. Mwizi alikiri mashtaka yake ya jinai. Mzee alishtakiwa kwa kujeruhi, akaachiwa. Kisha mwizi akafungua madai ya fidia.

Jaji alisema mzee alitumia nguvu kupita kiasi, maana alifyatua kwa mtu asiyemwona, usawa wa kifua. Ila akasema pia mwizi amechangia kuumia kwake kwa theluthi mbili. Fidia ikakatwa, akabaki na zaidi kidogo ya pauni 4,000. Mahakama ya Rufaa haikubadilisha. Wananchi wakachanga pesa kumsaidia mzee.

Baadaye likatokea la Norfolk mwaka 1999, la mkulima Tony Martin, lile lililotikisa nchi nzima. Kijana wa miaka 16 aliuawa, mwenzake akajeruhiwa, na yule aliyejeruhiwa akafungua madai ya pauni 15,000, tena kwa msaada wa sheria unaolipwa na walipa kodi. Nchi ilichemka. Madai yenyewe aliyaacha kabla hayajafika popote. Lakini bunge lilikuwa limeshasikia kelele: sheria ya 2003 ikasema mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kufungwa hawezi kumdai aliyempiga wakati wa tukio hilo mpaka mahakama impe kibali kwanza, na kibali kina masharti mazito.

Kwa hiyo ukiona mtu anasema «Uingereza mwizi analipwa», muulize ni mwizi yupi na mwaka gani. Atakutajia huyu wa Ilkeston.

Mzee wa Stoo

Pauni elfu nne ni elfu nne. Mzee wa miaka 76 amelala kibandani kwa ajili ya kulinda jembe lake, bado anamlipa mwizi. Mimi sikubali.

Chuma cha Mtaa

Nipo na mleta mada. Sheria ya wapi hiyo.

Mbongo wa Birmingham

Habari za huko nyumbani. Niko huku miaka mingi kidogo, nafanya kazi ghalani, na nina neno.

Hasira ya watu wa huku juu ya fidia ipo kweli, lakini wezi wa usiku ni sehemu ndogo sana. Kinachowachosha watu ni simu. Uko kwenye basi unatoka shifti, namba usiyoijua inapiga: «Habari za mchana, tumepata taarifa kwamba ulipata ajali ambayo si kosa lako ndani ya miaka mitatu iliyopita.» Unamwambia sijapata ajali. «Hata ndogo? Hata ya kugongwa nyuma kidogo? Shingo haikuuma kesho yake?» Anakufundisha ugonjwa. Ukikaa kimya sekunde mbili anaanza kukutajia kiasi.

Hao ni madalali wa kesi. Walistawi baada ya sheria kuruhusu mpango wa «usiposhinda hulipi» miaka ya tisini. Kwa mpango huo maskini akaweza kwenda mahakamani, na hilo ni jema, sitalipinga. Lakini katikati wakaingia watu wanaokusanya majina ya waliogongwa na kuyauza kwa mawakili. Serikali ikapiga marufuku malipo hayo ya kuuziana wateja Aprili 2013. Maumivu ya shingo ya ajali za magari ndiyo yaliyozidi, mpaka Mei 2021 wakaweka bei maalumu: shingo iliyouma isiyozidi miezi mitatu ilikuwa pauni 240, kwisha habari. Zamani kwa shingo hiyo hiyo mtu alikuwa anaondoka na zaidi ya elfu.

Halafu ndiyo yanakuja mabango. Ghalani kwetu kuna kibao kwenye ngazi: shika reli. Kwenye bomba: maji ni ya moto. Sakafu ikimwagwa maji kijiko kimoja, kinaletwa kibao cha njano chenye picha ya mtu anayeteleza, na kijana anasimama pembeni kukilinda. Meneja ukimuuliza anakwambia bima. Ni kweli bima wanataka hivyo, lakini sheria haijawaambia. Nyie mkiona klipu mnadhani mahakama ndizo zimepagawa, kumbe ni meneja wa zamu anaogopa kelele.

Mtoto wa Mahakama

Mbongo umegusa penyewe. Serikali ya Uingereza yenyewe iliunda kikosi kazi, ripoti yake ya 2004 ikasema utamaduni huo wa fidia kwa sehemu kubwa ni hadithi, tatizo ni watu kuuamini. Mwaka 2010 ripoti nyingine ya Lord Young ikarudia yale yale. Mtu akiamini kila jirani yake anataka kumdai, anafunga bwawa, anakata mti wa kwanza unaopandwa na watoto, anakataza safari ya shule.

Na hapo ndipo ilipo kesi ninayoipenda. Brereton Heath, Cheshire. Zamani palikuwa machimbo ya mchanga, yakajaa maji, halmashauri ikapageuza bustani ya kupumzikia yenye ziwa na fukwe. Kibao kimesimama: maji ya hatari, hakuna kuogelea. Mei 1995, siku ya joto, kijana wa miaka 18 akaingia mpaka maji ya magotini akajirusha mbele kichwa kwanza. Kichwa kikagonga mchanga, shingo ikavunjika, tangu hapo hawezi kutembea. Tomlinson dhidi ya Congleton.

Hoja ilikuwa kwamba aliingia bustanini kihalali, lakini alipoanza kuogelea pale palipokatazwa akawa mvamizi. Uingereza ina sheria ya 1984 kwa watu wa namna hiyo. Ina masharti matatu: mwenye eneo awe anaijua hatari au ana sababu ya kuijua, ajue watu wanaweza kuifikia, na iwe ni hatari ambayo ni haki kumtaka awakinge nayo. Hata hapo anadaiwa kwa majeraha ya mwili tu. Simu ya mvamizi ikipasuka wakati anaruka ukuta, hiyo sheria haimpi hata senti.

Mahakama ya chini ilimkatalia kijana. Mahakama ya Rufaa ikampa, majaji wawili kwa mmoja. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ikabatilisha. Jaji Hoffmann akasema hatari haikutokana na hali ya ziwa, ilitokana na alichochagua kufanya. Akaangalia na upande wa pili: halmashauri kwa kuogopa kesi ilikuwa imeshapanga kufukia fukwe kwa udongo na kupanda miche, watu wasikae tena. Akauliza kwa nini familia zinazojenga vijumba vya mchanga zinyimwe ufukwe kwa sababu ya wachache wanaopuuza kibao.

Mwanafunzi aliyeingia usiku kwenye bwawa la chuo lililofungwa akapiga mbizi, alishindwa rufaani. Aliyejirusha baharini kutoka bandari ya Folkestone usiku wa manane, Desemba, kwenye baridi, alishindwa rufaani. Mtoto wa miaka 11 aliyekwea ngazi ya dharura ya hospitali kwa upande wa nje, huko Coventry, alishindwa. Hao hamtawaona kwenye klipu, maana nani atasambaza «amedai, akanyimwa»?

Kobe Mpole

Karanga zimekwisha lakini uzi ni mtamu. Endeleeni.

Mama Wawili

Samahanini kaka zangu, mnaongea wezi tu. Mimi nitaongea watoto.

Ninapokaa kuna shimo la kokoto lililoachwa. Sitataja la nani wala wapi. Walichimba, wakamaliza, wakaondoa mashine, shimo wakaliacha. Masika linajaa. Uzio ulikuwepo, nguzo za mti na senyenge, senyenge zikafunguliwa na watu wakapatumia njia ya mkato kwenda kituoni. Maji yake ni ya kijani, yametulia, na pembeni ukingo umechongwa wima, hakuna pa kushika. Mtoto akiingia hatoki. Mwaka juzi tulimzika mmoja wa jirani, darasa la tatu.

Mwenye shimo alisema maneno hayo hayo ya mleta mada: sikumwalika, alivamia. Akatoa sanduku na unga wa msibani, basi.

Sasa niambieni, huyo mtoto naye ni mvamizi?

Mzee wa Stoo

Poleni sana dada. Mtoto ni habari nyingine kabisa, sikuwa na maana hiyo.

Mtoto wa Mahakama

Pole dada. Na swali lako ndilo lililobadilisha sheria ya Uingereza, si swali la wezi.

Mwaka 1929 kulikuwa na kesi ya Scotland, Addie dhidi ya Dumbreck. Mtoto wa miaka minne aliuawa na gurudumu la mtambo wa kuvuta makaa kwenye eneo la mgodi ambalo watoto walikuwa wanacheza kila siku na kila mtu alijua. Majaji wakasema ni mvamizi, mwenye mgodi hana wajibu wowote zaidi ya kutomdhuru makusudi au kwa kutojali kabisa kwamba yupo. Kesi ikaisha hivyo. Sheria hiyo ikadumu zaidi ya miaka 40.

Kisha 1965, Mitcham, kusini mwa London. Reli ya umeme, ile yenye chuma cha tatu kinachobeba umeme chini usawa wa kifundo cha mguu. Uzio umelala, watu wameukanyaga mpaka imekuwa njia, kama hiyo yenu ya kituoni. Mkuu wa stesheni alishaambiwa wiki kadhaa nyuma kwamba watoto wameonekana relini. Hakuna aliyepeleka hata fundi wa senyenge. Mtoto wa miaka sita akapita, akagusa, akaungua vibaya. Shirika la reli likajitetea kwa Addie: ni mvamizi. Mwaka 1972 mahakama ya juu ikakataa. Ikasema hata kwa mvamizi kuna wajibu wa ubinadamu wa kawaida: unajua hatari ni ya kuua, unajua watoto wanapita, na kuiziba ni kazi ya nusu siku, halafu umekaa. Unawajibika. Ile sheria ya 1984 ilizaliwa humo.

Ndiyo maana nasema hasira ya klipu ina madhara. Inapoimbwa kwamba mvamizi asidai kitu, anayefurahi kuliko wote ni mwenye shimo la kokoto. Kibaka mmoja wa Ilkeston anafanywa ngao ya kampuni iliyoacha senyenge wazi.

Chuma cha Mtaa

Hapo kwenye mtoto nimenyamaza. Kwenye mwizi bado.

Mtoto wa Mahakama

Vizuri hujakimbia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18B: unajilinda, unamlinda mwenzako, unalinda mali, lakini kwa nguvu ya kiasi tu inayohitajika. Kuvunja na kuingia usiku ni kosa lake, tena kubwa. Ila akishakamatwa, amekaa chini, mikono imefungwa kamba, kila kipigo kinachofuata ni kosa lenu, na akifa ni mauaji. Wananchi wenye hasira kali hawana kinga. Tofauti ni kwamba polisi hawajui wamshike nani kati ya mia. Wewe mwenye ukuta wanakujua, nyumba yako haihami.

Fundi Nguzo

Mimi ni wa umeme, sijui kesi. Nazungumza na Mzee wa Stoo.

Kama huyo fundi wako anataka kuvuta waya kutoka kwenye soketi kwenda kwenye bati au nondo za dirisha, mfukuze leo. Nimeona wengi wanafanya. Umeme wa ndani, volti 230, unakwenda mfululizo. Ukiushika kiganja kinajikunja, misuli inakaza, huachii. Atakayekufa hapo si mwizi, ni binti wa kazi anayeanika nguo, au ni wewe mwenyewe siku mvua imenyesha na umesahau kuzima.

Fensi halali ina mashine yake. Inapiga mapigo mafupi, takriban moja kwa sekunde. Volti ni nyingi, maelfu, lakini nguvu ndani ya kila pigo ni ndogo, linakurusha nyuma, halikung'ang'anii. Nyaya zinakaa juu ya ukuta, si usawa wa mtoto, na vibao vya njano vyenye alama ya radi kila baada ya hatua chache, hata asiyejua kusoma aelewe. Ardhi yake (waya wa kupeleka umeme chini ardhini) ni nguzo peke yake, usiunganishe na ardhi ya nyumba. Ukinunua mashine bila king'ora umenunua nusu.

Jirani wa Namanga

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu Kenya tuna sheria yake, Sura ya 34 ya wajibu wa wenye majengo, imefuata ile ya Uingereza ya 1957. Lakini hiyo ni ya wageni waliokaribishwa au walioruhusiwa. Mvamizi anabaki kwenye maamuzi ya majaji. Nyinyi Tanzania hata hiyo hamna, ama?

Na fidia kwetu inayozua kelele si ya wezi, ni ya wanyama. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeandika shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Imeandikwa vizuri sana. Kulipwa sasa! Watu wanazeeka na faili mkononi. Kwa hiyo nikisikia mtu analalamika fidia zimezidi, nacheka.

Mtoto wa Mahakama

Ni kweli hatuna sheria kama hiyo, Jirani. Sheria za Bunge la Uingereza tulizopokea ni zile zilizokuwepo 22 Julai 1920, kwa hiyo ya 1957 na ya 1984 hazitubani. Tunabaki na kanuni za jumla za uzembe. Hukumu za huko baada ya hapo zinaweza kusomwa mahakamani kwetu kama ushauri, jaji anazikubali au anaziacha. Wakili mzuri ataingia na ya Mitcham, wa upande wa pili ataingia na ya 1929.

Ya wanyama tusiianze, kwetu kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha milioni 1 kwa aliyeuawa. Zenu zinachelewa, zetu zilikuwa ndogo.

Mama Wawili, madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Mwaka juzi bado hujapitwa, lakini usilale. Wazazi wa huyo mtoto waende ofisi ya msaada wa kisheria wakiwa na cheti cha kifo, picha za uzio kama zipo, na barua yoyote ambayo serikali ya mtaa ilimwandikia mwenye shimo kabla ya tukio. Hiyo barua ndiyo kesi. Bila kuonyesha kwamba alijua, mtabaki mnalia.

Mama Wawili

Barua ipo. Mwenyekiti wa mtaa aliandika mara mbili, nakala ziko kwenye kabati la ofisi. Nitawaambia.

Mbongo wa Birmingham

Dada, pigeni picha hizo nakala leo, kabati za serikali za mtaa zinavuja.

Mzee wa Stoo

Wakuu nimesoma yote. Fundi Nguzo, nitakupigia, nitumie namba kisirisiri. Chupa je? Maana hizo zimeshakauka kwenye saruji.

Mtoto wa Mahakama

Chupa za juu ya ukuta zinaonekana na kila mtu anajua ni za nini. Anayeweka kiganja pale ameona. Sijawahi kusikia mwenye ukuta wa chupa akilipishwa hapa nchini, na ningekuwa wewe nisingekosa usingizi. Hatari ni ukizificha: chini ya majani, ndani ya ukingo, mahali mtu hawezi kuziona. Hapo umerudi Iowa.

Mzee wa Stoo

Ziko wazi, za bia, kijani na kahawia, jua likipiga unaziona toka barabarani. Lakini bado nasema yule mzee wa Ilkeston alionewa.

Chuma cha Mtaa

Alionewa.

Mtoto wa Mahakama

Alifyatua kwenye tundu la mlango usiku bila kuangalia. Kama ingekuwa polisi anabisha, leo mngemwitaje?

Chuma cha Mtaa

Polisi hawabishi hodi saa nane za usiku, mkuu. Wanavunja mlango kabisa.